Kompyuta Iliyomwogopa Baba

Mansura,
Jumatano, baada ya alasiri

Kwako Baba mpenzi,

Amani ya Mungu na rehema zake zikufikie huko Kuwait uliko. Kabla ya neno lolote naubusu mkono wako kama nilivyofundishwa, na nauliza hali yako. Mgongo umepoa? Wale wenzako wa chumbani bado wanakoroma? Joto limepungua, au bado mnatembea mkiambaa kuta mkitafuta kivuli? Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, ni goti tu linalomsumbua akipanda ngazi, maana lifti imekufa tena na wapangaji wanategeana kuitengeneza. Bibi Inshirah hajambo, na mdomo wake ndio haujambo zaidi. Mimi mwili ni mzima.

Utashangaa kuona barua katika zama hizi. Ami Ramzi wa ghorofa ya tatu anarudi huko Jumamosi, na mama amemfungia sanduku lako lenye jibini iliyokomaa, asali, mboga ya majani makavu ya mulukhiya na zile soksi ulizosahau. Nikaona barua nayo ipande humohumo. Kwenye simu siwezi. Kwenye simu ukishaniita "daktari wangu" na kuanza utani wako, nacheka, na nikishacheka nasahau nilichotaka kusema. Karatasi hainichekeshi. Basi isome mpaka mwisho, na tafadhali usinipigie kabla hujaimaliza.

Nataka kukusimulia habari za kompyuta. Najua unazijua. Lakini safari hii niache nisimulie mimi, na wewe usikilize.

Unakumbuka siku uliyokuja nayo kutoka uwanja wa ndege, umeipakata kama mtoto, sanduku la nguo umemwachia dereva. Mama alikataa hapohapo mlangoni, mbele ya Bibi na majirani. Alisema mtoto wa mwaka wa mtihani hanunuliwi mchezo, hununuliwa taa ya kusomea. Wewe ukamwambia aache roho ngumu, binti yako ana akili ya kumtosha kusoma na kucheza, na udaktari utaingia wenyewe kwa miguu yake. Kisha ukaninong'oneza kwamba mimi na wewe ni chama kimoja. Wiki nzima nilitembea kichwa juu. Sikuwa na rafiki kama wewe, Baba, nalisema hilo bila haya.

Kabla ya kuondoka ukaniwekea ile programu ya kuingilia kutoka mbali. Ulisema ikiugua utaitibu ukiwa hukohuko, kwani kompyuta zote za kampuni yenu ya maziwa si wewe unayezitibu? Nikashukuru kwamba baba na fundi nimepewa katika mtu mmoja.

Haukupita muda kioo kikaanza kuzima. Nacheza, feni zinavuma, taa zinawaka, sauti za wenzangu tunaocheza nao mtandaoni nazisikia masikioni, lakini kioo cheusi tititi. Kipanya hakijibu, kibodi haijibu. Dawa yake ni kubonyeza swichi mpaka izime, kisha kuiwasha upya, na ikishawaka wenzangu wamekwisha kuuawa na wananitolea maneno.

Nikakukimbilia. Nani mwingine ningemkimbilia? Ulisema ni kebo ya kioo, nikabadilisha kebo. Ulisema ni joto, nikaifungua ubavuni nikaipangusa vumbi kwa brashi ya rangi, nusu nipofuke. Ulisema kadi ya picha haijakaa sawa, nikaichomoa na kuichomeka upya. Ulisema kisanduku cha umeme ni dhaifu, tukakibadilisha. Mwisho ukasema hakuna njia ila kufuta kila kitu na kuanza upya, na mimi nikafuta. Humo mlikuwa na mechi zangu zote nilizorekodi, zile ambazo Nourhan, nahodha wetu, alitaka kumwonyesha mwalimu wa timu. Ulinipa pole kwa sauti ya huzuni kweli, mpaka mimi ndiye niliyekubembeleza wewe.

Na unajua nilichokuwa nakitafuta, kwa sababu wewe peke yako ndiye niliyekwambia. Nilitaka nafasi kwenye timu ya wasichana watano watakaokwenda Kairo kwenye mashindano. Sikutaka kuacha masomo. Nilitaka safari moja, siku chache, nikae na watu wanaonijua kwa kitu ninachokiweza. Uliniambia utaniombea.

Kioo kikaendelea kuzima. Nikaipeleka kwa Injinia Wagdi, yule fundi mwenye duka nyuma ya stesheni, anayeita kila mteja "bashmuhandis", yaani bwana mhandisi, ili naye aitwe hivyo. Akaiwasha kutwa kucha, akaiwekea mchezo mzito kuliko yote, haikupepesa hata mara moja. Nilipokwenda kuichukua akanicheka mbele ya wateja, akasema, "Bi mdogo, hii haiumwi, hii ina deko. Ni kama mtoto anayepoa homa akifika mlango wa zahanati." Nikairudisha nyumbani, nikaiunga na intaneti, jioni ileile ikazima.

Bibi Inshirah akaamua ni kijicho. Akachukua ukurasa wa daftari langu la fizikia, akakata mwanasesere wa karatasi, akaanza kumchoma sindano na kuyataja macho yote yaliyoiona kompyuta tangu ifike. Kwa jicho la bawabu. Kwa jicho la mke wa Ramzi. Kwa jicho la Nourhan na la Basant anayecheza nasi na la mama yake Basant, ambaye hata mlangoni hajawahi kufika. Kisha akapaza sauti ili jikoni wasikie, akasema na kwa jicho la mkwewe Nagwa. Mama akaendelea kuosha vyombo. Nilipomuuliza Bibi mbona hakukutaja wewe, na wewe ndiye uliyeiona kwanza, akanikodolea macho, akasema jicho la mwanawe ni baraka tupu. Akamchoma moto mwanasesere, akafukiza ubani mpaka jirani akagonga akidhani tunaungua.

Halafu ukaja likizo ya Idi. Likizo nzima kioo hakikuzima hata kidogo. Ulikuwa ukipita chumbani kwangu unaipiga kofi la mapenzi mgongoni, unasema, "Unaona? Inaniogopa hii." Sote tulicheka. Mama hakucheka, nami nikasema moyoni ni ile roho yake, hataki kuniona na furaha.

Ulipoondoka ikaanza tena. Nikakupigia nalia. Ukaniuliza, kwa sauti ya mtu asiyependa kusema, kama mama huwa anagusagusa ile swichi kubwa ya umeme iliyo ukumbini, maana umeme ukiyumba kufumba na kufumbua kioo hufa na feni hubaki zikivuma. Hukusema zaidi ya hapo. Hukuhitaji.

Baba, yaliyotokea baada ya hapo hujui, kwa sababu mama hakukwambia na mimi nilijionea fahari. Nilimvaa mama mbele ya shangazi na watoto wake. Nilimwambia anaichezea swichi makusudi, ana wivu kwa sababu nakupenda wewe kuliko yeye, na siku nikipata chuo nitachagua cha mbali nisiuone uso wake. Alikuwa anakata mulukhiya kwa kile kisu chenye mpini kila upande. Mikono ikasimama. Shangazi akamwambia ajitetee basi, mbona amekaa kama jiwe. Mama akasema mtoto amechoka na masomo, akaendelea kukata. Tangu siku ile nikawa nachukua sahani yangu na kulia chumbani.

Mechi ya mchujo ikaja. Nilifunga mlango, nikamweka binti mmoja wa jirani ailinde swichi ya ukumbini kwa niaba yangu, mama asiisogelee. Katikati ya mechi kioo kikazima. Walishinda bila mimi, kwa bahati tu. Nourhan hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alisema hana neno na mimi, ila kompyuta yangu ina gundu, na majina yanafungwa Jumapili. Nikamsihi anijaribu mara moja tu. Akakubali kwa sharti kwamba nimwonyeshe kioo changu mwanzo mpaka mwisho, yeye akitazama kwake, ili aone kinachotokea kabla ya kuzima. Basant akawekwa tayari kushika nafasi yangu.

Jumapili baada ya magharibi nikacheza, na Baba, nilicheza vizuri. Sijawahi kucheza vile. Nilimsikia Nourhan akisema, "Haya, huyu ndiye ninayemjua." Halafu kioo kikawa cheusi.

Nilipiga kelele nikasema kimezima tena. Nourhan akasema mbona yeye ananiona. Akasema mchezo unaendelea, nimesimama ukutani kama zuzu, kompyuta haijafa wala haikuzimika. Kisha akaniuliza Sabri ni nani. Nikamwambia Sabri ni baba yangu, kwani vipi. Akasema pale juu pembeni kuna kijidirisha kidogo kimetokea sasa hivi, kimeandikwa kwamba Sabri ameingia na amefunika kioo.

Nikamwambia atakuwa amekosea kusoma. Akasoma tena. Akasoma tena polepole, kama anayemsomea mgonjwa, na nikamsikia Basant nyuma yake akisema jamani.

Nilivua vile visikizio nikakaa gizani mbele ya kioo cheusi, feni zinavuma. Zikanijia zote kwa mkupuo. Kwa fundi haikuzima kwa sababu haikuwa na intaneti. Ulipokuwa hapa haikuzima kwa sababu ulikuwa hapa. Kebo, vumbi, kadi, mechi zangu nilizozifuta kwa mkono wangu. Ulikuwa unaniingilia, unanifunika macho, halafu unanipokelea simu na kunipa pole.

Nikakimbilia jikoni kama mtu anayekimbia moto. Nikamwambia mama ni Baba, ni Baba, muda wote alikuwa Baba. Nilitegemea ashtuke. Akapangusa mikono, akakaa kwenye kile kigoda chake, akasema anajua. Alijua tangu mwanzo.

Aliniambia yote. Kwamba alama zangu zilipoanza kushuka yeye alitaka kuniita mezani aniambie wazi kompyuta inafungiwa kabatini mpaka mtihani upite, nilie, ninune, yaishe. Wewe ukamkataza. Ulimwambia una njia ya upole, nitachoka mwenyewe na kuiacha, na hakuna atakayegombana na mtu. Na nilipoanza kumshuku yeye, alikupigia akakuomba useme. Ukamwambia aache tu nimchukie yeye kidogo. Yeye yuko nami nyumbani, njaa itanirudisha mezani kwake. Wewe huko uko chumba kimoja na wanaume wanne, na ulichonacho ni sauti yangu kwenye simu, na nikikununia hubakiwi na kitu. Mama alipofika hapo alilia. Alilia kwa ajili yako, Baba, si kwa ajili yake.

Nimelifikiria hilo neno tangu Jumapili. Inaniuma ukiwa peke yako. Lakini umenizunguka. Umenichezea shere mwaka mzima huku unaniita rafiki. Na ulipoona karibu nigundue ukanionyesha mama yangu kwa kidole, ukanifanya nimtemee maneno ambayo hata jirani sisemi naye hivyo, ili mkono wako ubaki safi. Ungeniambia tu hapana. Ningelia siku mbili, ya tatu ningekupigia.

Nafasi yangu amepewa Basant. Wanaondoka Alhamisi ijayo. Nourhan alisema anasikitika na kwamba majina yamekwishafungwa, na akaniuliza kama niko salama nyumbani.

Programu yako nimeiondoa. Kioo hakijazima tena. Kompyuta nimeifunika shuka nikaiweka kabatini mwenyewe, na funguo nimempa mama, naye hakuniomba. Mtihani nitaufanya. Kama ni udaktari au la, tutaona. Mezani nimerudi. Jana mama alinipakulia mulukhiya na sungura, akaniwekea lile paja ambalo siku zote huliweka kwako ukiwepo.

Bibi anakusalimu, hajaambiwa, na mama amenisihi asiambiwe. Mke wa Ami Ramzi anakusalimu. Mama anakusalimu na anasema dawa ya mgongo imo ndani ya soksi ya kushoto. Mimi nilianza kwa kuubusu mkono wako, na sasa nimefika mwisho, nashindwa kuubusu tena. Niwie radhi kwa hilo.

Ijumaa utakayopiga baada ya kuisoma barua hii, simu ataipokea mama. Nitakuwa nimekaa kando yake, na sauti itakuwa wazi ili nisikie. Usinitake mimi kwanza. Anza kwa kumwomba yeye msamaha, nami nikusikie ukimwomba.

Binti yako,
Rawan