Niliyemchagua Amfundishe Kabula

Jumapili, jioni. Mvua ilianza saa nane mchana na haina dalili ya kukata.

Nimerudi kutoka Litapunga nimelowa chapachapa. Viatu nimeviacha nje na tope lake. Sijala. Nimekaa kitandani niandike kabla sijaanza kujitetea, maana najijua, kesho nitakuwa nimeshapata sababu tano za kusema halikuwa kosa langu.

Ni langu.

Naandika tangu mwanzo ili nisiruke mahali.

Mimi ni kocha wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu hapa Mpanda. Asubuhi nafundisha shule ya msingi, jioni tatu kwa wiki niko uwanjani na filimbi shingoni. Zamani nilicheza, nikawa nahodha, mwili ukachoka, nikabaki na hiyo filimbi. Timu yetu ni walimu, mafundi cherehani, wauza mboga. Uwanja ni sakafu ya saruji yenye nyufa, na pete moja imeinama kidogo upande wa kushoto. Wageni hulalamika. Sisi tumeshaizoea.

Kabula nilimwona kwenye harusi Litapunga mwaka jana. Ana miaka kumi na tisa, ni mrefu kuliko kaka zake wote, na alikuwa anatembea amekunja mabega ili asionekane. Mtu akamtuma ungo uliokuwa umetundikwa juu kabisa ya ukuta wa jikoni. Wengine wangetafuta kigoda. Yeye alinyoosha mkono tu, akautoa bila hata kuinua visigino. Nilisahau wali mkononi.

Nilikwenda kwa baba yake mara tatu. Mzee ni Msukuma wa kazi zake, mpunga na ng'ombe, na hakuelewa kwa nini binti mkubwa aende mjini kurusha mpira. Mara ya tatu nilimwambia, "Baba, nitamtunza kama wa kwangu." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Wiki iliyofuata Kabula akahamia kwa shangazi yake Ilembo.

Sasa kulikuwa na suala la nani amlee.

Mchezaji mpya hajifunzi kwa kocha. Kocha anapiga kelele kutoka pembeni, basi. Mpya anajifunza kwa yule anayevaa viatu karibu naye, anayemnong'oneza wakati wa kunywa maji. Kwa hiyo kwetu kila anayeingia hupewa mkongwe mmoja. Walikuwepo wawili wanaofaa, na mimi ndiye nilikuwa wa kuamua.

Leokadia ni fundi cherehani, ana miaka thelathini na minne. Hajawahi kukosa mazoezi. Akipata malaria anakuja, anakaa kwenye tofali, anaangalia. Ni mchezaji bora niliyewahi kumfundisha, na hazungumzi sana.

Mwajuma ana arobaini na kitu, ametokea Karema, anauza dagaa sokoni Kashaulili. Anachelewa. Anaongea mpaka refa anamwonya. Akikimbia ni kama anasukuma mkokoteni. Na kuna siku anafika, anavua viatu, anavaa ndala, anasema, "Leo sichezi, goti limekataa." Kisha anakaa anakula karanga. Mimi nilikuwa naita uvivu.

Alinifuata jioni ile ya kwanza. "Kocha, nipe mimi huyo mtoto."

"Umfundishe nini, Mwajuma? Kula karanga?"

Watu walicheka. Na yeye alicheka. Nikampa Leokadia.

Nataka niwe mkweli, sikukosea moja kwa moja. Miezi mitano ile Kabula alibadilika mbele ya macho yetu. Leokadia alimfundisha kunyoosha mgongo, kudaka mpira bila kuuogopa, kumkinga mtu kwa kiuno kabla ya kuruka. Walibaki uwanjani sisi wote tukishaondoka. Alimshonea bukta ndefu kwa sababu za dukani zote zilikuwa fupi. Kabula alimwita Dada Leo na alimfuata kila mahali. Nilijisifu moyoni. Nilijiambia, hapo nimechagua.

Wiki tatu zilizopita, timu ya Sumbawanga ilikuja kucheza nasi. Pamoja nao alikuja mwalimu mmoja wa mpira kutoka Mwanza, anatafuta mabinti warefu wa kuwapeleka kwenye timu kubwa, wasomeshwe pia. Nilikuwa nimemwandikia habari za Kabula kabla. Siku nne kabla ya mechi Kabula alitua vibaya mazoezini. Aliinuka, akajifuta, akasema hajaumia.

Siku ya mechi alifika na bandeji gotini, imefungwa vizuri, kazi ya mtu anayejua. Nikamuuliza. "Nimekaza tu, Kocha, lisilegee."

Wakati wa kupasha mwili Mwajuma alikuja pembeni yangu. Hakuwa anacheka. "Huyo mtoto anachechemea."

Nikamjibu, "Wewe Mwajuma unaona magoti kila mahali."

Nimeiandika hapa jinsi nilivyoisema. Na nilikuwa nimemwona kwa macho yangu. Alipanda ngazi mbili za ukingo wa uwanja kwa mguu mmoja, mwingine akauvuta. Niliona, nikageuka kumsalimia mgeni wa Mwanza.

Alicheza vizuri. Hilo ndilo baya. Robo mbili za kwanza hakuna aliyemfikia mpira juu, na mgeni alikuwa ameshatoa daftari. Robo ya tatu akaruka kugombea mpira uliogonga ubao, akatua kwa mguu ule. Nilisikia mlio kutoka nilipokuwa nimesimama. Kama kuvunja muhogo.

Mwajuma alifika kwanza. Yule asiyekimbia. Alimshika kichwa akakilaza mapajani, akamfunika uso kwa kanga ili asione mguu wake.

Hospitali walisema kano ya goti imekatika, na kitu kingine kando yake kimechanika. Upasuaji wake si wa hapa, ni wa mbali, na hata ukifanyika, kuruka kama zamani wasingeahidi. Daktari alieleza taratibu, kwa huruma. Mgeni wa Mwanza aliniaga kwa heshima. Hajapiga simu tena, na sioni kwa nini apige.

Jumanne iliyofuata, mazoezini, nilimgeukia Leokadia mbele ya timu nzima. Tulishajua ni yeye aliyefunga lile goti. Nilimwambia, "Umemharibu mtoto wa watu. Nilikupa umlee, ukamfichia maumivu ili usifiwe." Nilisema na mengine. Alikusanya viatu vyake akaenda, na hajarudi.

Karibu wiki tatu nimelala vizuri kwa hasira hiyo. Ukiwa na mtu wa kumlaumu, unapata usingizi.

Leo, baada ya misa ya kwanza, nilichukua bodaboda kwenda Litapunga. Kabula amerudishwa nyumbani. Baba yake aliamua, na mimi nina neno gani la kumpinga?

Nilimkuta amekaa barazani, mguu umenyooshwa juu ya gunia, anapukuchua mahindi. Mabega ameyakunja tena. Niliyaona hayo kabla sijaona goti.

Mzee alitoka, nikamwamkia, akaitikia kama siku zote. Hakunilaumu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimejibu yote njiani juu ya pikipiki. Alinivutia kigoda, akaniuliza hali ya barabara, akaenda kuangalia ng'ombe. Mama akaleta maziwa mgando. Akauliza, "Na yule dada aliyekuwa anamfundisha, hajambo? Mbona nyie wengine mmekuja na yeye haji?"

Nikasema yuko salama, ana kazi nyingi.

Mama alipoingia ndani nilimuuliza Kabula lile swali nililotoka nalo mjini. Kwa nini hakuniambia mimi?

Alijibu bila kuacha mahindi. "Nilimwambia Dada Leo. Akaniuliza naweza? Nikasema naweza. Akanisimulia ya Tabora."

"Tabora ipi?"

Akaniangalia kwa mshangao, kama mtoto anayedhani unamtania. "Wewe si ndiye ulimfunga bandeji kwenye mechi ya Tabora, Kocha? Alikuwa mpya, kifundo cha mguu kimevimba, anataka kukaa nje. Ukamwambia mwenye moyo hakai benchi, ukamfunga mwenyewe, akacheza, mkashinda. Anasema siku ile ndiyo alijua yeye ni mchezaji." Akatabasamu. "Nikasema na mimi niweze."

Alinisimulia kwa fahari. Alidhani ananisifia.

Na ni kweli yote. Leokadia alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi nahodha, na mkongwe wake nilikuwa mimi. Nilimfunga kifundo chooni ili kocha wetu wa wakati ule asione. Nimeisimulia hadithi hiyo kwenye sherehe zetu zote, kwenye mahafali ya wanafunzi, kwa kila mchezaji mpya. Watu hupiga makofi. Sikuwahi kusimulia kwamba baada ya hapo Leokadia hakuweza kuukanyagia ule mguu karibu msimu mzima. Ile bandeji ya Kabula niliyoiona imefungwa vizuri, niliujua ule ufungaji. Ni wangu.

Sikumwambia Kabula kitu. Ningemwambia nini? Nilipukuchua naye mahindi mpaka mawingu yakaja. Nikamuuliza kama atarudi mjini mguu ukipata nafuu, hata kukaa nasi tu. Akasema, "Hapana, Kocha. Nikiuona mpira nitalia." Alisema kwa upole, kama anayemkatalia mgeni chakula. Wakati wa kuondoka mama yake alinifungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko. Nimeipokea. Iko hapa mezani, imelowa.

Mvua ilitukuta njiani. Nilimwambia bodaboda anishushe Ilembo, kwa Leokadia.

Alikuwa kibarazani na cherehani yake, anashona sare za shule. Nilisimama kwenye maji ya paa, hakuniambia nikaribie, nami sikuthubutu. Nikamwambia nimetoka kwa Kabula. Nikamwambia amenisimulia ya Tabora. Nikamwambia yale niliyoyasema mbele ya watu nayafuta, na kwamba kosa ni langu.

Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Sasa hilo linamsaidia nani, Kocha?"

Akasema tena, taratibu, bila ukali, "Mimi nilidhani nampa kitu kizuri kuliko vyote nilivyopewa." Kisha akageuza kitambaa akaendelea kukanyaga cherehani, na mimi nikaondoka.

Toka hapo nawaza neno lake. Najua sasa nilipaswa kumpa Mwajuma. Najua na sababu. Mwajuma angemfundisha hiyo sentensi moja tu, *leo sichezi*, na ingetosha. Miaka yote natafuta mkongwe mwenye mkono mzuri, mwenye mbio, asiyekosa mazoezi. Sikuwahi kujiuliza mtu huyu aliokokaje mpaka leo anacheza. Mwajuma anacheza na arobaini yake. Wa rika lake aliocheza nao wote wameshakaa, na mimi nikiwemo.

Lakini kujua kwangu hakupandishi mtu ngazi. Kabula yuko kwenye gunia la mahindi. Leokadia hatarudi, nilimwona machoni. Timu yenyewe sijui kama ipo, maana jioni za wiki hii walikuja watano, na mmoja alikuja kuchukua jezi yake iliyobaki stoo.

Mwajuma amenitumia ujumbe wa sauti sasa hivi. Hakuniuliza ya Litapunga. Anasema kuna binti wa Nsimbo amekuja gengeni kwake mara mbili kuulizia timu, ana mikono mirefu, na je, amlete Jumanne. Nimeusikiliza mara tatu. Zamani ningeruka kwa furaha.

Sijamjibu. Naogopa mikono mirefu. Naogopa kwenda tena kukaa kwenye kigoda cha mzee wa mtu.

Lakini Jumanne lazima niende, kwa kuwa funguo za stoo ya mipira ninazo mimi na wale watano watakuwa wamesimama mlangoni. Wataniuliza Kabula anarudi lini. Nitawaambia harudi, na nitawaambia kwa nini, na hadithi ya Tabora nitaisimulia hadi mwisho wake.

Nimejaribu kuisema kwa sauti hapa chumbani, peke yangu, mvua ikinifunika.

Nimefika kwenye kifundo, sauti ikakatika.