Mshumaa Katika Shimo la Ndizi

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Mvua imekatika lakini ziwa bado lina rangi ya majivu, na mimi siwezi kukaa. Nimeanza pindo moja mara tatu na mara tatu nimelifumua. Ni pindo la nguo ya harusi ya Devota.

Devota ni binti wa jirani. Anaolewa baada ya wiki mbili, na mimi ndiye ninayeshona nguo yake na mishanana, yale mavazi ya sherehe ya kufunga begani, ya wasichana watakaomsindikiza. Cherehani yangu iko dirishani na dirisha linatazama ua wao, kwa hiyo wiki nzima nimeona kila kitu. Hapo ndipo shida yangu ilipo. Nimeona kila kitu.

Jumatatu Baba Devota alichimbisha shimo la kuvundikia ndizi za pombe ya harusi. Alilichimbisha pembeni kabisa, pale ua unapoinama, kwenye mawe meusi ya volkano. Vijana waliochimba walilalamika kuumwa kichwa, akawaambia ni walevi. Jioni kuku akaingia humo, asitoke. Jumanne akafa wa pili. Baba Devota akasema kuna mtu anatega sumu, na alisema kwa sauti ya kunifikia.

Mimi nimezaliwa Goma, ng'ambo tu ya mpaka. Sikuhitaji kuambiwa. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, inalala chini mahali penye bonde. Mtu aliyesimama haoni kitu. Anayeinama hainuki. Mama yetu alitufundisha hilo kabla hatujajua kusoma. Baba Devota amekulia Tanzania, amerudi huku na nywele nyeupe. Angejulia wapi?

Basi kwa nini sikwenda siku ileile?

Nilijiambia ni adabu. Nyumba yenye harusi haipelekewi maneno ya kifo. Nilijiambia kwamba nikienda kwa kiongozi wa isibo yetu, nyumba hizi chache za jirani, nitamwaibisha mzee mbele ya mtaa mzima, wakati wakwe zake wako njiani. Nilijiambia pia kwamba watasema ni wivu, maana mchumba wa binti yangu Aline alijitoa mwaka jana huku kadi zimeshagawiwa. Nguo yake niliishona mwenyewe. Bado iko kabatini.

Hayo yote ni kweli. Lakini hapa sidanganyi: nilipomwona kuku wa kwanza, kilichoniingia kwanza hakikuwa hofu. Kilikuwa furaha ndogo. Nilisema moyoni, afadhali na wao wapate doa.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu.

Jana akawasha majani makavu ndani ya shimo ili kulipasha joto, kama inavyofanywa. Moto ukazima. Akawasha tena, ukazima. Akalaumu mvua. Mimi nikainamisha kichwa, nikaendelea kushona.

Leo saa nane ndizi zimefika kutoka Kanama. Nikamwona Devota anatoka na sketi kuukuu, amejifunga kitenge kiunoni, amevua viatu. Nikaelewa kwamba ndiye anayeingia kuzipanga. Mgongo wa baba yake hauinami tangu alipoacha kuendesha malori.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka nilichukua mshumaa wangu wa kuchomea ncha za nyuzi, ule unaokaa katika mkebe wa nyanya, na utepe wa mshanana uliokuwa mezani. Nilipita kwenye uwazi wa ua nikamshika Devota mkono akiwa ameshakaa ukingoni, miguu inaning'inia ndani.

“Baba Devota, hapa mutoto haingii,” nikasema. “Iko mazuku. Kuku hazikukufa na sumu.”

Aliacha kuhesabu mikungu. “Mama Aline, shimo nimechimba mimi, ndizi zangu, harusi yangu. Leo ndiyo umekumbuka kuja?”

Nikawasha mshumaa, nikafunga mkebe kwa utepe. Akacheka, akateremka yeye mwenyewe kwenye ngazi ili anionyeshe. Akasimama chini, shimo likamfika kifuani, mikono kiunoni.

“Haya. Napumua. Unaniona nimekufa?”

“Bakia wima hivyo hivyo, baba. Tafazali, usiiname.”

Nikashusha mkebe pole pole mbele yake. Kifuani ulikuwa unawaka. Tumboni ukawaka. Mapajani mwali ukawa mdogo. Ulipofika magotini ukazima, bila upepo, bila hata moshi wa maana. Nikauvuta, nikauwasha, nikaushusha tena. Ukazima palepale.

Baba Devota aliangalia magoti yake. Kisha akamwangalia Devota, ambaye ni mfupi kama mama yake marehemu, na ambaye angekuwa ameinama humo kwa saa nzima. Akapanda ngazi taratibu. Alipofika juu akakaa chini kwenye matope na suruali yake safi.

Baadaye akaniuliza, kwa sauti ya chini, ya mtu anayetaka kushukuru: “Mama Aline, umejua tangu lini?”

“Leo,” nikasema. “Mi nimeona leo tu.”

Akanishika mikono yote miwili. Akaniomba msamaha kwa maneno ya sumu. Aliniomba msamaha, mimi.

Jioni hii Devota amekuja kwa Aline, wamekaa jikoni, nasikia wanacheka. Anataka Aline awe wa kwanza katika wasindikizaji. Aline amekubali. Ameniomba nimpimie nguo, nami nimempima kiuno, lakini sentimita sikuzisoma vizuri.

Siku nne nimenyamaza. Kama ndizi zingefika Jumanne, mishanana hii ningeishona ya nini?

Kesho asubuhi tunafukia shimo, nimeahidi kwenda na jembe langu. Tutakuwa wawili tu, mimi na Baba Devota, na udongo ni mwingi, kazi itachukua muda. Nafasi ya kumwambia kwamba nilijua tangu Jumatatu itakuwepo. Nitafungua mdomo, au nitalifukia na neno hili humohumo?