Michezo ya Kambo chini ya makala

Mama Aicha,

Sombe, yale majani ya muhogo, iko ndani ya chungu, bado chumvi. Nyama itoe kwa friji uipike mapema, umeme usitukatikie ikaoza. Bageni ba posa ya Aicha batafika kisha sala ya adhuhuri, kwa hiyo fagia salo, pale batakaa.

Kumbe salo mumeshaisafisha, eh? Asubuhi nimeamka, nikakuta kabati yangu ya salo tupu. Mashini zangu zote za michezo ya televizyo, na maneti za kuchezea, zile za kubonyeza, ziko jikoni ndani ya mufuko, chini ya makala ya kupikia! Nikamuuliza bwana yako. Amadi, mutoto nilimuzaa mwenyewe, akanijibu: "Mama, bageni batasema nini? Kambo muzima, mwenye bajukuu, anacheza michezo ya batoto?"

Ile mashini ya kwanza, marehemu baba yake aliileta na kamyo ya mizigo kutoka Lubudi. Amadi alikuwa na miaka sita. Yeye aliichoka. Mi sikuchoka. Zaidi ya miaka thelathini ninazikusanya, na hakuna mugeni aliyekataa chakula changu sababu yazo.

~~Sirudi. Muoze Aicha bila mimi.~~

Nitarudi. Aicha mujukuu wangu hakunikosea kitu.

Niko kwa rafiki yangu Laurentine, ana brashi ndogo ya kutoa vumbi ya makala. Ile ya kwanza ikikataa kuwaka, Amadi asinisemeshe juma hii yote.

Nitaingia salo nimevaa kitenge kipya, nimeipakata mashini kwenye mapaja, mbele ya bageni bote. Mwenye kuona haya akae jikoni.

Kambo