Mama, Nilikana Mwendo Wako

Mama,

Nimeolewa! Nakuandikia kwa furaha, na papo hapo uso unaniwaka kwa aibu, maana kuna jambo nimekufanyia huku ukweni na wewe hukuwepo kujitetea.

Nianze na tamu, kama ulivyopenda. Mume wangu ni Saidi, anafanya kazi bandarini. Ananiita sheri, yaani mpenzi, mbele ya watu, Mama, hata mbele ya wauza samaki! Nikisikia anakohoa uani akirudi kazini, moyo unaruka kama sijawahi kumwona. Tunakaa katika ua wa mama yake, na mlango wa chumba chetu ni pazia tu.

Sasa aibu. Goti langu la kulia lilianza kuuma kabla ya ndoa, nami nikanyamaza. Siku moja nikawa napandisha kutoka mtoni na beseni kichwani, mama mkwe ananitazama. "Mwana, mbona unayumba hivyo? Njo mwendo wa kwenu huo?"

Nikajibu upesi: "Hapana, Mama. Mama yangu alitembea wima kabisa."

Wewe! Wewe ambaye ukija shuleni kwetu wasichana walipiga kelele, "Mama Mwamini anacheza ndombolo bila muziki!" nawe ukawajibu, "Basi leteni muziki, wavivu nyinyi!" Nilikufuta kwa maneno machache tu, ili nisionekane bibi arusi mwenye kasoro.

Saidi aliniona nikishika ukuta ninapoinuka kutoka kwenye sala. Hakuuliza mengi. Alinipeleka hospitali kwa kine, yule anayefundisha watu mazoezi ya viungo. Mimi nikamwonyesha goti, yeye akaniambia nisimame kwa mguu mmoja. Kiuno kikaanguka upande wa pili.

"Goti lako halina kosa," akasema. "Misuli ya nyonga imelegea. Ukikanyaga, paja linaingia ndani na goti linaumia. Tutie nguvu huku juu, huku chini kutapoa."

Nikamuuliza kama ni ya kurithi. Akacheka. "Ni misuli, madamu, si jina la ukoo."

Kwa hiyo nilikukana bure.

Nikakumbuka goti lako nalo lilivyouma, mafuta ya mawese niliyokuchua nayo, na chale alizokuchanja jirani. Nikakumbuka nilivyokuwa nakukalisha mkekani, "Usiinuke, Mama, nitafanya mimi," nikidhani ndiyo heshima, na wewe ukizidi kulegea. Nyonga yako hatukuigusa. Nani angethubutu kugusa nyonga ya mama yake?

Zoezi lenyewe ni la aibu. Unalala ubavu, unainua mguu wa juu polepole, unaushikilia, unaushusha. Nilikuwa nafanya asubuhi Saidi akishatoka. Siku moja mama mkwe akafungua pazia, akanikuta mguu uko juu. "Ee Mola!" Pazia likashuka.

Mchana wifi yangu Zaina akaniletea supu ya samaki, anatabasamu hadi masikioni. "Kula, wifi, kula. Mutoto asikie utamu."

Kumbe walidhani nainua mguu ili mimba ishike! Nami, Mama, nikala ile supu. Ningesemaje neno nyonga mbele ya mama mkwe? Zoezi likaendelea, goti likaanza kupoa, na supu zikaendelea kuja. Nikanyang'anywa beseni la maji. Mwisho mama mkwe akaanza kunitajia jina la marehemu mumewe, kwamba litamfaa mtoto wa kiume.

Hapo nikashindwa. Nilimkuta anachambua sombe, majani ya muhogo, nikakaa chini karibu naye. "Mama, hakuna mimba bado. Lile ni zoezi la nyonga, la kuponya goti. Na nilikudanganya. Mama yangu aliyumba."

Nikamweleza ulivyoniambia wewe mwenyewe: wakati wa vita, tukikimbia porini upande wa Kampene, mimi mgongoni na mzigo kichwani mwako, uliteleza kwenye ukingo wa kijito. Ukajigeuza hewani ili usiniangukie. Ukaanguka na nyonga kwenye jiwe, ukainuka, ukaendelea kutembea. Tangu siku ile hukutembea wima tena.

Mama mkwe aliyaweka majani chini.

"Kwa hiyo supu yangu yote iliingia kwenye nyonga?"

Nikacheka huku nalia. Yeye hakucheka. Alinitazama sana, kisha akasema: "Na mama wa namna hiyo njo ulinificha? Ungenitajia huyo kwanza. Mutoto wa huyo ningemutaka hata kama angekuja anatambaa."

Sikuwa na mahali pa kuweka uso, Mama. Mtu ambaye hajawahi kukuona alikuheshimu kuliko mimi niliyebebwa mgongoni mwako. Saidi aliponikuta nimevimba macho akanikumbatia, akanitaka nimsimulie na yeye, tangu mwanzo. Nikamsimulia. Aibu haijaisha, lakini sasa naweza kulitaja jina lako humu ndani bila kuinamisha kichwa.

Pumzika huko kaburini, Mama. Nakuahidi sitakunyoosha tena mdomoni mwangu. Akija mtu akaniuliza mama yangu alikuwa mtu gani, nitaanza na mwendo wako.

Mwanao,
Mwamini