Rangi za Furu wa Ujana Wako

Mama,

Watu wakiandikiana barua huanza kwa kuulizana hali. Yako sijui niiulizeje, kwa hiyo nitaanza na hali ya maji. Leo ziwa lilikuwa limelala. Upepo haukuwepo kabisa. Maji yalikuwa ya kijani, kijani kile cha jani la mhogo ukilishika mbele ya jua, na mawe yalionekana yakishuka ndani yake polepole, kama watu wanaoteremka huku wanasinzia. Nimekaa kibarazani kwa Mama Mkubwa Getruda, huku Geita, kwenye kiwanja kile kile ulipozaliwa. Nguo zangu bado zinachuruzika. Naandika kabla hazijakauka, maana naogopa zikikauka nitadhani nimeota.

Nimewaona furu wako, Mama, wale samaki wadogo wa miambani. Ni wekundu.

Acha nikusimulie tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu nayapenda.

Ulipokuja kulala kwangu Shinyanga, figo zikiwa zimeshachoka, uliacha kula lakini kusimulia hukuacha. Miaka yote ile ya ndoa ulikaa Mhunze, kwenye pamba na ng'ombe, ambako maji ni ya lambo na yana rangi ya chai. Lakini pale kitandani ulirudi ziwani kila jioni. Ulituambia jinsi wewe na Mama Mkubwa mlivyokuwa mkizama kwenye miamba mkiwa wasichana, macho wazi, na furu wanapita mbele ya pua zenu: mgongo mwekundu, ubavu wenye michirizi myeusi, wengine wa buluu kama kitenge kipya. Wande alikuwa anakaa miguuni pako na kukuuliza kama waliuma vidole. Ulimwambia walikuwa wanabusu.

Na Baba, kwenye kiti chake karibu na mlango, alikuwa anasema kile alichokisema maisha yake yote. "Furu nawajua mimi. Wanauzwa sokoni Mhunze kwa kisado. Wana rangi ya majivu."

"Hao ni maiti, Baba Kabula," ulimjibu. "Mimi nakuambia habari za walio hai."

Tulikuwa tunacheka. Mlikuwa mnabishana hivyo tangu nikiwa mgongoni. Lakini siku moja Baba alipokuwa ametoka kwenda msikitini kwenye msiba wa jirani yangu, ulinishika mkono ukasema kwa sauti ndogo, "Kabula, nimeanza kuingiwa na wasiwasi kwamba niliwaota." Macho yako yalikuwa yananitazama mimi na hayanitazami. Nikajua hilo ndilo lililokuwa linakuumiza kuliko figo.

Ndipo nikaikumbuka kamera yangu ndogo. Unaijua, ile isiyozidi kiberiti kikubwa, ambayo vijana hufunga kwenye kofia za pikipiki, na mimi huibandika juu ya gari la bibi harusi. Aliyeniuzia na kunifundisha alisema inaingia majini bila kufa, ila mimi sikuwahi kuwa na sababu ya kuizamisha. Nikaacha sherehe ya watu wa Kambarage kwa mwenzangu, nikapanda basi kuja huku. Mama Mkubwa akanipeleka kwa mtumbwi, nikaifunga kamera kwenye ufito mrefu, nikaiteremsha hadi kwenye miamba yenu.

Niliporudi tuliitazama video sote sebuleni kwangu, kwenye televisheni. Kijani juu, kijani chini, na vivuli vikikatiza. Ulitazama mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha ukasema, "Mwanangu, umenipigia picha ya mlenda." Ulicheka mpaka ukakohoa. Hicho ndicho kicheko chako cha mwisho ninachokikumbuka vizuri.

Kesho yake nilikwenda dukani kwa Bwana Karim, yule ninayenunua kwake betri na kadi za kamera, ambaye babu yake alikuwa akiuza vitambaa mahali pale pale. Nilimwonyesha ile video. Akaitazama huku amevuta miwani puani. "Maji yanakula rangi, Mama Wande," aliniambia. "Na yanaanza na nyekundu. Ukishuka kidogo tu, nyekundu imeshaliwa, samaki anabaki kivuli. Lazima umrudishie." Akanipa kijioo chekundu kinachobanwa mbele ya jicho la kamera. Wenyewe wanakiita filta.

Nikarudi ziwani. Safari hii kila kitu kilitoka na rangi ya kutu. Mawe kutu, maji kutu, samaki kutu. Uliitazama kimya, na mlenda hukuutaja. Ulisema, "Ahsante mwanangu, sasa pumzika," ukageukia ukutani. Mama, ungenicheka tu.

Bwana Karim aliposikia alikaa na lile jambo kama mtu aliyekatiwa umeme. Akampigia mpwa wake wa Dar es Salaam anayeuza vifaa vya wazamiaji, kisha akaniita. "Nimekupa dawa ya ugonjwa mwingine," alisema. "Nyekundu ni ya bahari, maji ya buluu. Ziwa lako ni la kijani. Dawa ya kijani ni majenta." Akanionyesha kwa kidole bogonvilia iliyokuwa imechanua ng'ambo ya barabara. Rangi hiyo hapo. Aliagiza filta ije kwa basi, na akaniambia nikupe pole.

Hukuisubiri. Sikulaumu. Ulikuwa umechoka, na ile asubuhi ulilala uso ukiwa umelegea kama wa Wande.

Bwana Karim alikuja Mhunze kukuzika. Alikaa mkekani na wazee wa Baba, akanywa uji, akarusha udongo wake kaburini. Baadaye sana aliniambia kwamba filta ilikuwa mfukoni mwa shati lake muda wote ule. Ilikuwa imefika siku ile ile, akaona haya kuitoa.

Tangu uondoke, kuku wako wamehamia jikoni na hakuna anayewafukuza. Wande ameng'oka meno ya mbele na anapiga mluzi bila kutaka. Mimi bado narekodi harusi, ila akina mama wakianza kumlilia bibi harusi nawaachia vijana kamera, natoka nje kidogo. Na Baba alikuwa amenyamaza. Nikimwambia mvua itachelewa, anasema ndiyo. Nikimwambia itawahi, anasema ndiyo. Sikujua kwamba mtu anaweza kukosa ubishi kama anavyokosa chakula, akakonda.

Filta ilikaa kwenye droo. Kila nikiifungua naona kile kipande cha rangi ya bogonvilia, naifunga. Kisha kiangazi hiki nikaamka asubuhi moja nikiwa nimekwisha kuamua, kama vile aliyeamua ni mtu mwingine na mimi napelekwa tu. Nikapita Kahama, nikabadilisha gari Runzewe. Kijana mmoja mchimbaji, buti zake zina tope jekundu hadi magotini, aliiona kamera mapajani mwangu akauliza, "Dada, hiyo inaona dhahabu?" Nikamwambia inaona samaki. Akafikiri, akasema, "Basi heri yako. Dhahabu ukiiota inahama, samaki hawahami." Akasinzia, kichwa chake kikawa kinagonga kioo njia nzima.

Mama Mkubwa alinikataza kwenda majini asubuhi. Filta hunywa mwanga, nilikuwa nimemweleza, na yeye akaelewa upesi kuliko mimi. "Basi tungoje jua lisimame," alisema. Tukangoja chini ya paa, tunachambua dagaa, mpaka vivuli vikaingia miguuni mwetu. Nikazuia kamera isijichagulie rangi yenyewe, maana ikijichagulia hubadilika kila wingu likipita. Nikaifunga kwenye ufito. Mama Mkubwa alipiga kafi mara chache tu, akaacha mtumbwi ujiendee. Nikaizamisha. Sikuona kitu ila ufito unavyopinda ndani ya maji, na mikono yangu ikawa ya mtu mwingine.

Nilipoipandisha tulijifunika khanga kichwani, mimi na dada yako, ili jua lisiue kioo. Tukatazama.

Mawe yalikuwa mawe. Kahawia, na nywele za kijani za ukoka wa majini zikicheza. Kisha kwenye ufa akatoka mmoja. Mgongo mwekundu, Mama, kama kaa la moto likipulizwa. Ubavu wake una michirizi myeusi. Nyuma yake akaja wa buluu, kisha wekundu wengine, wengi, wakaja kuigusa kamera kwa midomo yao, mmoja mmoja. Walikuwa wanabusu.

Mama Mkubwa aliondoa khanga, akatazama nchi kavu. Akasema, "Veronika hakuota." Halafu akasema kwamba hata yeye alikuwa ameshaanza kuamini majivu.

Nikaipeleka kwa Baba. Nilimkuta zizini Mhunze, nikamkalisha kwenye benchi lako, nikampa simu. Aliitazama, akaniambia niirudishe mwanzo. Akatazama tena. Mara ya mwisho aliishika simu kwa mikono miwili kama bakuli lililojaa. Nikangoja aseme kwamba mimi na mashine yangu tumepaka rangi. Ningempenda sana kama angesema hivyo.

Alisema, "Aliniambia ni wekundu. Hakuniambia ni wazuri."

Kisha akauliza nauli ya kuja huku.

Mama, yule mume wako hakuwahi kuyagusa maji ya kwenu. Mama Mkubwa amenisimulia kwamba alipokuja kuposa alisimama kule juu kilimani na wajomba zake, ng'ombe wake wakahesabiwa, akakuchukua, akaondoka. Leo ameshuka. Amekuja na kofia yake na suruali ya kanisani. Ndani ya mtumbwi alishika pande zote mbili, na Mama Mkubwa akawa anamwimbia taratibu kwa Kizinza cha kwenu kama anayembembeleza mtoto. Tulipofika kwenye miamba akachungulia. Kutoka juu ni kijani kitupu, wala hakuna kinachoonekana. Nikamwambia nitateremsha kamera.

"Kamera nimeshaiona," alisema. "Nataka pale alipokuwa yeye."

Kuna jiwe pana karibu na ukingo, ukisimama juu yake maji yanakufika kifuani. Nilitangulia. Akanipa mkono, akateremka na suruali yake, anatetemeka meno, kofia bado kichwani. Bwana Karim alikuwa amenipa miwani ya kuogelea ya Wande. Nikamvalisha babu yake. Akavuta pumzi, akainamisha uso majini, na kofia ikaelea pembeni bila yeye kuitafuta.

Aliinuka, akavuta pumzi. Akainama tena. Nilikuwa nimemshika mkono, na kupitia mkono ule nilihisi mtetemo wake unapungua, unapungua, mpaka ukaisha. Nilihisi kwa muda kwamba sote tumekuwa wepesi na jiwe limeondoka chini yetu. Alipoinuka mara ya mwisho, maji yakimtoka kwenye ndevu, alimgeukia Mama Mkubwa mtumbwini.

"Kuna mmoja amenitazama," alisema.

"Amekutazamaje, shemeji?"

"Kama anayenijua."

Mama Mkubwa akamwambia furu hawajui watu. Baba akamwambia yeye ndiye asiyejua furu. Wakaanza kubishana, Mama. Walibishana mpaka nchi kavu, walibishana wakianika suruali, na sasa hivi nawasikia jikoni, Baba anadai kwamba yule alikuwa jike, Mama Mkubwa anasema wekundu ni madume, mtu yeyote anajua. Baba ameomba ugali wa pili.

Kesho asubuhi nitawapeleka wote zahanati tukaulizie dawa ya kichocho, kisha mimi nirudi Shinyanga, kuna sherehe Jumamosi. Baba amesema haondoki. Atabaki hapa hadi mvua za kwanza, na ng'ombe wataangaliwa na kaka zangu. Sikumbishia, nimemwachia Mama Mkubwa kazi hiyo.

Nguo zimekauka na bado naamini.

Lala salama, Mama yangu. Shikamoo, popote ulipo. Likizo ikifika nitamleta Wande, na nakuahidi nitamfundisha kufumbua macho ndani ya maji, ingawa itabidi kwanza nijifunze mwenyewe.

Mwanao,
Kabula