Wakulima wa Makumira Wanaorudi Jioni

Makumira,
Jumapili, baada ya ibada.

Dada yangu mpendwa Susana,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe, shemeji na watoto, na kwamba jua la Mwanza limepunguza hasira. Sisi huku tu wazima. Baridi ya Juni imeshuka kutoka mlimani, na kila mtu amevaa koti ambalo hakumbuki alilipata wapi. Mama anakusalimu sana. Amekaa hapa barazani anachagua maharage, akijifanya haitazami karatasi yangu.

Utauliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Dada, kwenye simu sijawahi kumaliza jambo tangu nizaliwe. Wewe ni mkubwa, ni haki yako kunikatiza, lakini habari hii inataka isikike mpaka mwisho. Na tafadhali usiruke mistari ukaenda chini kwanza, najua unavyosoma.

Naanza na la kukutuliza: treni sasa inasimama Makumira. Ile ya abiria iliyokuwa ikiishia pembeni mwa jiji imeongezewa njia, inafuata reli ya zamani mpaka Usa River, asubuhi na jioni. Kwa hiyo Mama hahami.

Sijasahau ulichosema Krismasi, kwamba safari za kliniki zikiendelea kumtesa utakuja mwenyewe umchukue akakae kwako, shamba tulikodishe. Sikukubishia. Nilikuwa namwona anavyotoka alfajiri na anavyorudi, akifika anajitupa kitandani na viatu vyake. Lakini ulipoondoka aliniambia kwamba hatoki kwenye nyumba ambayo Baba amelala migombani pembeni yake, na kwamba tukimlazimisha, ataacha kliniki yenyewe. Unamjua. Hakuwa anatania. Basi wenzangu walipoanza kuizungumzia treni kama maendeleo ya kata, mimi nilikuwa nikimfikiria mtu mmoja tu.

Mara ya kwanza tulinyimwa, na tulinyimwa kwa ujinga wetu wenyewe. Wataalamu wa reli walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza swali jepesi: wewe unafanya kazi gani, na mjini unakwenda mara ngapi? Wote tukajibu kwamba sisi ni wakulima wa kahawa na ndizi, na mjini tunakwenda mara mojamoja, tukipata shida. Hata Mzee Mikaeli, jirani yetu wa bondeni, alisema hivyo, na yeye analinda duka la vifaa vya ujenzi pale Kijenge tangu mwanawe wa kwanza hajaota meno. Unajua ilivyo huku kwetu. Ukisema unakula kwa kazi ya mjini ni kama umetangaza kwamba kihamba, shamba la urithi wa baba yako, kimekushinda. Tuna miche ya kahawa iliyobaki kuwa uzio wa vyumba vya kupangisha, lakini ukituuliza, tunavuna.

Wataalamu wakaandika walichoambiwa. Majibu yakarudi kwamba Makumira ni eneo la wakulima wasiosafiri, na treni haina wa kumbeba.

Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Mwenyekiti wetu, Mzee Nelson, aliomba wataalamu warudi kwa mkutano, naye akapanga uwe Jumapili baada ya mnada wa mavuno kanisani, ili watu wajae. Nilikwenda kwake kumnyoa, na wembe wangu wa kinyozi mkononi, maana mtu mwenye sabuni kichwani husikiliza. Nikamwambia kwamba Jumapili tutajaa kweli, tumevaa suti, na kila mmoja atakuwa mkulima. Aitishe Alhamisi, saa nne asubuhi. Akaniuliza kama nimerukwa na akili, Alhamisi atakuja nani? Nikamwambia ndiyo hiyo hoja yetu, Mwenyekiti: asije mtu. Nilipomaliza kisogo akasema, “Kinyozi, ukiniaibisha mbele ya wageni, siku hiyo nitakunyoa mimi, na sitatumia maji.”

Alhamisi ilipofika, dada, mabenchi yalikuwa meupe. Tulikuwa wazee wanne, bibi mmoja aliyekuja kuuliza kuhusu mbuzi wake, na mimi niliyefunga saluni yangu ya kunyolea kule Lemara. Mtaalamu aliyekuja ni mama wa makamo anaitwa Agnela, mtu wa taratibu, ana macho yanayopima. Aliangalia mabenchi, akamwambia Mwenyekiti kwa upole kwamba kama watu hawana haja, yeye hawezi kuwabandikia haja. Nikasimama nikasema kwamba haja wanayo, ila imewatoa nyumbani tangu alfajiri. Nikamwomba asubiri jioni, awaone wakishuka njia panda, awaulize mwenyewe. Akatazama saa. Nikaona anaondoka.

Aliyemzuia ni Mama. Alitokea na kanga yake ya ibada, akamwambia mgeni kwamba nyumbani kwa Sumari haijatokea mtu akafika akarudi na njaa, na kwamba loshoro la ndizi na maziwa liko jikoni. Hilo halikuwa kweli. Ndizi zilikuwa bado mgombani. Mama alipika siku hiyo kwa mwendo wa kahawa kuiva, akimpitisha mgeni shambani, akimwonyesha mapaa ya mabati yaliyoota pale ulipokuwa unachuma kahawa ukiwa msichana, na vyumba vya wanafunzi wa chuo, na msingi wa nyumba ya mtu wa Dodoma. Bi Agnela alikula bakuli la pili, nikajua hana haraka tena.

Jioni tukasimama njia panda. Watu wakaanza kushuka, na nikajipongeza moyoni, maana walikuwa kama wanaotoka uwanja wa mpira. Wa kwanza kusimamishwa akawa Mzee Mikaeli, na sare yake ya ulinzi, na kirungu. Bi Agnela akamwamkia, akamuuliza anatoka wapi. Mzee akajiweka sawa, akasema yeye ni mkulima, alipita tu mjini mara moja kuulizia mbolea.

Nilitamani ardhi inimeze na kirungu chake. Nikamfuata wa pili, fundi cherehani, na nyuzi zimemganda kwenye sweta: mkulima. Wa tatu, mama anayepika kantini: mkulima, alikwenda kumwona mgonjwa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema mbele ya majirani. Bi Agnela akafunga kalamu yake. Mwenyekiti akanitazama kichwa, nikaelewa anakipima kwa ajili ya wembe.

Sasa dada, kama umesimama, kaa.

Mama alimshika mgeni mkono akamwambia, “Mwanangu, fungua hiyo kalamu uniandike mimi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ninakwenda mjini kusafishwa damu kwa mashine. Figo zangu zimechoka.” Kisha akawageukia majirani. “Nyinyi niliwaambia nakwenda kumwona mjukuu Kijenge. Mjukuu alihamia Tanga mwaka juzi. Niliona haya.”

Ndiyo, Susana. Wewe uliambiwa ni presha. Mimi nilijua, na Mama aliniapisha kwa kaburi la Baba nisikwambie, kwa kuwa alijua ungekuja siku hiyohiyo na gari la kumpakia. Ndiyo maana Krismasi alizikataa ndizi ukadhani amekukasirikia. Daktari amemkataza kula ndizi nyingi. Barua hii ninaiandika kwa ruhusa yake. Hasira zako, kwa heshima zote, zielekeze barazani, anapochagua maharage.

Pale njia panda, wa kwanza kusogea alikuwa Mzee Mikaeli. Akavua kofia. Akamwambia Bi Agnela, “Nifute ulivyoniandika. Mimi ni mlinzi, kila siku ya Mungu, na miguu inaniuma.” Yule mama wa kantini akamrushia, “He! Na mbolea, Baba Loserian?” Mzee akamjibu ampelekee yule mgonjwa wake. Watu wakacheka, na kicheko kile kiliwafungua. Walijipanga mstari, dada, kama siku ya kupiga kura, kila mmoja akitaja kazi yake kwa sauti, wengine wakitaja na ya jirani aliyekawia. Bi Agnela aliandika mpaka mwanga ukamwishia, akaomba tochi ya simu yangu.

Idhini ilichukua muda, lakini ilikuja. Mama sasa anatoka kumekucha, akimaliza kliniki mchana anapumzika stesheni mpaka treni ya jioni, anarudi amekaa kitini, akifika ana nguvu ya kunigombeza. Daktari anasema uso wake umerudi. Siwezi kukudanganya kwamba amepona. Mashine ni ya maisha, na wewe ni lazima uje, ila uje kumtembelea. Majirani hawakumcheka. Wanapokezana kumsindikiza, na mimi siku hizo nafungua saluni kwa wakati kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Nalala, dada. Nilikuwa nimesahau usingizi ni kitu cha namna gani.

Wiki iliyopita nilipanda naye. Mkata tiketi, kijana mchangamfu, alimwamkia akamuuliza bibi anakwenda wapi asubuhi yote hii. Behewa zima lilikuwa la watu wanaotufahamu. Nikataka kujibu mimi, nipoze. Mama akanisogeza kwa kiwiko, akasema kwa sauti ya kanisani, “Nakwenda kusafishwa damu. Na wewe, umekula?”

Msalimie sana shemeji, na watoto uwaambie bibi yao yupo na anawadai salamu. Mama anasema ukimaliza kulia upige simu, yeye ndiye atakayepokea.

Ni mimi mdogo wako mwenye kukuheshimu,

Gadiel Sumari