Hoja ya Jumatatu na Hoja ya Alhamisi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kifua kimetulia kidogo, angalau unapata usingizi. Watoto hawajambo? Mimi mzima, kama uzima ni kula na kwenda kazini.

Najua bado unajiuliza ulishindwaje kesi ya kifua chako Jumatatu ile. Ulikuwa na mkataba mkononi, ule wa mataifa unaokataza wafanyakazi kuvutishwa dawa za rangi bila kinga, na rais aliutia saini huku anapigwa picha. Jaji akafuata hoja ya mawakili wa serikali, akasema hiyo ni ahadi ya serikali kwa serikali. Bunge halijaupitisha, kwa hiyo si sheria. Mama aliniambia ulimuuliza wakili wako kama saini ya rais ni urembo tu, naye akabaki anafunga mkoba wake.

Basi sikiliza vituko. Alhamisi iliyofuata, chumba kilekile, jaji yuleyule. Bwana afya alikuwa amekifunga chumba chenu cha kutia nguo rangi. Mwenye kiwanda akaja na mkataba wake, wa kulinda wawekezaji wa nje, ambao bunge halijaugusa hata kwa kidole. Mawakili wa serikali wakamuunga mkono, wakasema nchi ikishatia saini imejifunga, haiwezi kujificha nyuma ya bunge. Jaji akakubali. Ijumaa asubuhi kufuli likatolewa, wenzako wakarudi kuvuta dawa.

Dada, siku zote nimekuambia kwamba ofisini kwa mawakili wa serikali napanga mafaili tu. Nilikudanganya. Mimi ndiye mwandishi wa hoja zao. Ya Jumatatu niliandika mimi, ya Alhamisi niliandika mimi, meza ileile. Wala sitasema sikujua, maana jina lako lilikuwa juu ya faili kwa herufi kubwa. Nililisoma, nikamaliza chai yangu, nikaandika. Mkubwa wangu akanipongeza, nami nikafurahi.

Ndani ya bahasha kuna rasimu zote mbili. Kwenye ya pili mkubwa ameandika pembeni kwamba jaji asikumbushwe ya Jumatatu. Mpe wakili wako leo, muda wa kukata rufaa umebakiza siku tisa. Akiniita kizimbani nitakuja, wakinifukuza shauri yao.

Msalimie mama, na umsomee barua yote, usiruke kitu.

Ni mimi mdogo wako, kama bado unanihesabu.